Shahidi wa kura

Nyumba yetu ya Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, ilikuwa na makanisa mawili. Baba alikuwa shemasi wa Kipentekoste. Mama alikuwa Mkatoliki, mtu wa kusali rozari huku anachambua maharagwe. Jumapili asubuhi tulitoka sote pamoja, tukaachana kwenye mteremko: Mama njia yake, sisi watoto nyuma ya Baba. Kwa hiyo nilipopata kadi yangu ya kwanza ya kura, nikiwa na miaka 20, nilikuwa nimekwisha kulelewa na sauti mbili juu ya serikali, na sauti hizo hazikuwahi kupatana.

Baba alikuwa na Warumi 13. Hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu. Basi lipa kodi, omba, nyamaza. Sikumlaumu wakati ule na leo simlaumu. Alifanya kazi chini ya Mobutu, akapita vita ya 1996, akapita miaka ya waasi wa RCD iliyoanza 1998, na aliwajua kwa majina watu waliosema sana na mahali walipoishia. Kimya chake kilikuwa ukuta aliotujengea.

Mama alikuwa na maaskofu wake wawili. Wa kwanza Munzihirwa, Mjesuiti, ambaye hakuacha kupaza sauti kwa ajili ya wakimbizi na wenyeji hadi alipouawa hapa mjini tarehe 29 Oktoba 1996, siku zilezile Bukavu ilipotekwa. Wa pili Kataliko, aliyekalia kiti chake. Katika barua yake ya Noeli ya 1999 alitaja wazi uporaji na mateso ya watu, na Februari 2000 wakuu wa RCD wakamzuia kurudi mjini. Akakaa Butembo miezi saba. Siku aliporudi, Septemba, Mama alinishika mkono tukashuka barabarani. Nilikuwa na miaka 14, nikaona watu wazima wanatandaza vitenge vyao chini kwenye vumbi ili gari lipite juu yake. Wiki chache baadaye akafariki Roma. Mama alilia kama amefiwa na baba yake, na Baba, ambaye hakuwa na habari na maaskofu, alimpikia chai mwenyewe jioni ile. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo kabla, wala baada.

Mwaka 2006 tulipiga kura. Uchaguzi wa kwanza huru wa vyama vingi baada ya miaka zaidi ya 40! Wagombea urais walikuwa 33, na wanaotaka ubunge zaidi ya 9,000 kwa viti 500 nchi nzima, hata karatasi ukiikunjua inafanana na gazeti. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, pasta wetu alisimama akasema Bwana amemwonyesha atakayeongoza nchi. Akamtaja. Kanisa lote likapiga vigelegele. Nilikuwa kwaya, safu ya mbele, na vigelegele vyangu vilikuwa kati ya vile vilivyopanda juu zaidi.

Nilimpigia huyo Joseph Kabila. Kivu ya Kusini nzima ilifanya hivyo, zaidi ya asilimia 90 katika duru ya kwanza. Ilinichukua miaka kukubali kwamba kura ile haikutoka katika maono yoyote. Tulikuwa tumechoka na vita na tulimwona yeye kama aliyeizima. Tena alisema Kiswahili, mpinzani wake mkuu alitoka upande wa Lingala, na hilo peke yake lilitosha. Sababu hizo zilikuwa sababu za kweli, za watu waliozika. Mtu aliweza kuzisema bila aibu. Lakini tulipozivalisha jina la Roho Mtakatifu, tulijifungia mlango: utamkosoaje mtu aliyeonyeshwa na Bwana? Miaka iliyofuata, barabara zikioza na vijiji vikiendelea kuungua, kanisani kwetu kulikuwa na ukimya wa ajabu. Kumlaumu rais kulifanana na kumlaumu pasta, na kumlaumu pasta kulifanana na kumkana Mungu.

Mama yeye alifanya kitu ambacho nimekielewa polepole. Duru ya pili iliangukia tarehe 29 Oktoba 2006. Miaka kumi kamili tangu Munzihirwa auawe, na Kabila aliyekuwa kwenye karatasi ni mtoto wa kiongozi wa vita ile ya 1996. Mama aliamka gizani, akaenda kwanza kanisa kuu, kwenye kaburi la askofu, kisha akaja kupanga foleni nasi. Alikaa ndani ya kile chumba cha karatasi ngumu muda mrefu mno mpaka watu wakaanza kunung'unika. Alipotoka nikamwuliza kwa utani, "Mama, umempigia nani?" Akasema, "Nimemwambia Mungu. Wewe si Mungu." Amefariki bila kuniambia.

Ya 2011 nitayapitia haraka kwa sababu bado yanauma. Nilikuwa nimeolewa. Mgombea ubunge mmoja, ndugu wa upande wa mume wangu, aliletwa kanisani Jumapili, akaitwa mbele, akawekewa mikono. Kisha yakatangazwa mabati: angetupa ya kuezeka kanisa zima. Tulicheza. Nilicheza. Kura za familia yetu zilihesabiwa mezani kwa shemeji kabla hazijapigwa, jina kwa jina, na langu likiwemo. Mabati yaliyofika yalitosha kwenye madhabahu na viti vya wazee. Waumini waliobaki tuliendelea kunyeshewa chini ya turubai, na kila mvua ilipoanza tulisogea mbele kidogo kidogo, tukibanana karibu na mimbari. Nakumbuka nimembeba mtoto mgongoni, maji yananidondokea shingoni, na pasta anahubiri juu ya shukrani.

Sikuondoka kwa hasira. Niliondoka siku nyingine kabisa, nikaanza kwenda na Mama kwenye shirika lake, ile jumuiya ndogo ya nyumba kwa nyumba inayokutana kila juma. Huko hakuna mimbari. Watu kumi na watano kwenye viti vya plastiki, wanasoma Neno, kila mtu anasema lake, kisha wanaulizana nani mgonjwa. Baba alihuzunika, lakini hakunizuia.

Katika shirika ndipo nilipoona suala la chumvi likijadiliwa kwa uzito. Kila kampeni ya kwetu inakuja na chumvi, sabuni, tishati, pengine kitenge chenye uso wa mtu. Mapasta na mapadri wengi husema: pokea, kula, halafu piga kura kwa dhamiri yako, kura ni siri. Mama mmoja aliyekuwa akiuza sokoni sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alisema yeye hapokei, kwa sababu Kutoka 23 imeandika rushwa hupofusha macho ya waonao. Mwingine, mjane, akamjibu palepale: "Dada, wewe una samaki wa kuweka hiyo chumvi." Nyumba ikanyamaza.

Nimeyawaza majibizano hayo kuliko mahubiri mengi niliyosikia. Mjane alikuwa na haki. Huwezi kumsimamia maskini mlangoni ukamsomea mstari wakati chungu chake ni kitupu, na dhambi kubwa iko kwa yule aliyekaa akapiga hesabu ya njaa ya watu, akajua kilo moja ya chumvi inanunua nini. Lakini mwenye sambaza naye aliona kitu. Yule anayepokea na kusema "kura yangu bado ni yangu" anajidanganya kidogo. Mimi nilipokea kitenge mwaka 2011. Nilipofika ndani ya chumba na kalamu mkononi, jina la yule mtu lilikuwa la kwanza kunijia, na nililiona lina haki fulani juu yangu. Hakuna aliyenilazimisha. Kitenge kilifanya kazi yake.

Ndipo ukaja 2018. Uchaguzi ulikuwa umeahirishwa miaka miwili. Maaskofu wa CENCO, baraza la maaskofu Wakatoliki wa Kongo, walisimamia mapatano ya kufanya uchaguzi, ya tarehe 31 Desemba 2016, walei wa Kinshasa wakaandamana na rozari mkononi kudai yatekelezwe, na wengine wakapigwa risasi. Katika parokia yetu wakatafuta watu wa kuangalia kura. CENCO ilitandaza waangalizi wapatao 40,000 nchi nzima. Mimi, mwalimu wa shule ya msingi, nilikuwa mmoja wao. Tulifundishwa mambo matatu: angalia, andika, usiingilie.

Tarehe 30 Desemba ilikuwa Jumapili. Ofisi yangu ilikuwa darasa la shule, na kwenye ukuta bado kulikuwa na jedwali la kuzidisha. Mashine ya kupigia kura iligoma asubuhi, ikawashwa, ikagoma tena. Wazee walisimama juani wakiogopa kugusa kioo chake. Kando ya ukuta walikaa mashahidi. Ndivyo tunavyowaita kwetu watu wa vyama wanaolinda kura za wagombea wao: shahidi wa fulani, shahidi wa fulani. Ni neno lilelile la Matendo 1, "nanyi mtakuwa mashahidi wangu", na ni neno lilelile ambalo Mama alikuwa akilitumia kwa Munzihirwa. Siku hiyo sikulifikiria.

Kuhesabu kulianza usiku. Umeme hakuna, tulikuwa na taa ndogo ya betri na tochi za simu. Mwenyekiti wa ofisi anafungua karatasi, anasoma jina, anaionyesha kwa mashahidi, na karani anachora kijiti kwenye fishi, karatasi ya kuhesabia. Niliyempenda alikuwa anashindana kwa karibu sana na mwingine, na nilikuwa nimechoka hadi mifupa. Wakati fulani, yapata saa tano, karani akachora vijiti viwili kwa karatasi moja. Kwa mgombea wangu. Niliona. Kalamu ilishuka mara mbili, tak tak, na mwenyekiti alikuwa tayari anafungua karatasi inayofuata.

Nataka kusema hapa kilichopita moyoni mwangu, kwa sababu ndicho nilichokuja kusimulia. Kwanza nilifurahi. Ilikuwa furaha ndogo, ya haraka, kama mtu aliyerudishiwa chenji zaidi dukani. Kisha nikapata sababu. Wale wengine wanaiba maelfu, kijiti kimoja ni nini. Sheria ya mwangalizi inasema usiingilie. Karani amechoka, pengine amekosea upande ule pia mapema, itasawazika. Na mwisho, hii ndiyo inayonitisha hadi leo, niliwaza kwamba huyu ndiye mtu mwema, na Mungu anataka watu wema watawale. Nilikuwa nimevaa jile, kizibao cha waangalizi wa Kanisa. Kalamu ilikuwa mkononi, daftari wazi magotini. Sikuandika.

"Karani, rudisha moja."

Aliyesema alikuwa mzee wa kofia ya kazu, aliyekaa kimya tangu asubuhi, ambaye alitoka kwenye benchi mara chache tu kwenda kuswali nyuma ya madarasa. Mwislamu. Na alikuwa shahidi wa mgombea huyohuyo, wa kwangu. Karani akamtazama kama hakusikia vizuri. Yule mzee akarudia taratibu, "Umepiga mbili. Mimi nimeona moja." Kijana wa chama chake akamkanyaga mguu chini ya benchi, nililiona hilo pia. Mzee hakutikisika. Kijiti kikafutwa, kosa likaandikwa pembeni, hesabu ikaendelea mpaka alfajiri. Mgombea wetu hakushinda katika ofisi ile. Tofauti ilikuwa kubwa kuliko kijiti kimoja, kwa hiyo hakuna kilichobadilika hata kidogo.

Karatasi ya matokeo ilibandikwa mlangoni. Niliinakili kwa mkono unaotetemeka, nikatuma namba zangu, nikatembea hadi nyumbani kwa miguu kwa kuwa hapakuwa na motari, mwendesha pikipiki za abiria, hata mmoja barabarani.

Januari 2019 CENI, tume ya uchaguzi, ilitangaza matokeo, na siku hiyohiyo CENCO ikasema hayalingani na yale waangalizi wake waliyokusanya. Watu walinijia nyumbani: "Wewe ulikuwepo, sema!" Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kusema, namba za chumba kimoja. Na hata hizo zilikuwa safi kwa sababu ya mtu mwingine. Katika kanisa la Baba waliomba shukrani kwa ajili ya rais mpya, wakasoma Danieli 2, kwamba Mungu huuzulu wafalme na kuwamilikisha wafalme. Safari hii nilimjibu Baba, kwa adabu, tukiwa tunakula fufu. Nikamwambia Danieli yuleyule, sura tatu mbele, anamwambia mfalme usoni kwamba amepimwa katika mizani akaonekana amepunguka. Baba akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Lakini Danieli aliulizwa." Sikuwa na jibu. Ni kweli, mfalme alimwita. Nimeendelea kuliwaza hilo: ni lini Mkristo anaulizwa, na ni lini anajipeleka. Nadhani yule anayekaa kwenye benchi la ofisi ya kura ameulizwa tayari.

Kuna jambo tunalipenda sana Wakristo wa huku, nalo ni kumtafuta mtu wa Mungu tumkabidhi kazi yote. Tume ya uchaguzi ya 2006 iliongozwa na padri, Malu Malu. Ya 2011 ikaongozwa na mchungaji wa Kimethodisti, Ngoy Mulunda. Na matokeo ya 2011 ni kardinali Monsengwo mwenyewe aliyetoka akasema hayaendani na kweli wala haki. Kola shingoni haihesabu kura. Wanaohesabu ni makarani waliochoka saa tano usiku, na mashahidi waliolipwa faranga kidogo.

Lakini sitaki mtu anielewe kwamba wema wa mgombea si kitu. Oktoba 2023, daktari Mukwege alitangaza kugombea urais: mtoto wa mchungaji, wa hapahapa Bukavu, mwenye hospitali ya Panzi, mwenye tuzo ya Nobel ya 2018. Katika shirika tulisoma Waamuzi 9, ule mfano wa Yothamu. Miti inatafuta mfalme. Mzeituni unakataa, nitaachaje mafuta yangu. Mtini unakataa, mzabibu unakataa. Mwisho mti wa miiba unakubali. Wengi wetu tulikuwa tukiunukuu mfano huo miaka yote kuwalaumu watu wema wanaokimbia siasa. Sasa mzeituni umeshuka, na watu wale wale wakasema: arudi hospitalini, huko ndiko Mungu alikomweka. Au: ni mwema, lakini kura itapotea. Matokeo rasmi hayakumpa hata asilimia 1.

Mimi nilimpigia nani, hilo nimemwambia Mungu. Ila neno "itapotea" nililikataa mbele ya watu wote, na nitaendelea kulikataa. Kura inapotea pale isipohesabiwa, au inapohesabiwa mara mbili. Iliyopigwa kwa haki na kuandikwa ilivyo haijapotea hata kama ni moja. Wenzangu waliniambia hiyo ni siasa ya mtu asiyetaka kushinda. Pengine. Nilijaribu siasa ya kushinda kwa vigelegele mwaka 2006, na kwa mabati mwaka 2011.

Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, mazungumzo ya kura yamekuwa kama habari za nchi nyingine. Benki zilifungwa, pesa ikawa haionekani. Lakini kadi ya kura bado iko kwenye pochi ya kila mtu, kwa kuwa ndiyo kitambulisho chetu. Ukisimamishwa njiani unaitoa hiyo. Ya Mama niliiweka ndani ya Biblia yake, kwenye Zaburi, pamoja na ile nakala ya namba za darasa.

Yule mzee nilimkuta mwaka huo soko la Kadutu. Anauza uzi, vifungo na zipu kwenye meza ndogo. Sikuwa na hakika kama atanikumbuka bila jile. Nikamwamkia, nikaomba uzi mweusi wa kushonea sare za watoto. Akaupima kwenye mkono, akaukata kwa meno, akaukunja. Kisha akaniambia bila kuinua macho, "Mwalimu, usiku ule na wewe ulikuwa umeona, siyo?"

"Niliona, Mzee."

Akatikisa kichwa, akanipa uzi wangu, akanihesabia chenji noti kwa noti.